Mwandiko shuleni umeharibiwa na nini: simu, kusiliba, au darasa la watoto mia?

#1 Chaki_Nusu

Salaam wakuu.

Kila anayelalamikia mwandiko wa watoto wa siku hizi anaitupia simu lawama. Napinga. Mtoto wa darasa la pili hana simu, na ukifungua daftari lake unakuta mwandiko umeshaharibika. Hoja yangu ni kwamba tumeacha kuangalia mkono, tunaangalia karatasi. Mwalimu anakusanya madaftari, anaweka vema, anarudisha. Namna mtoto alivyoiumba ile herufi hakuna aliyeiona.

Chukueni a. Inaanzia kulia, chini kidogo ya mstari wa kati, inapanda, inarudi kushoto, inashuka, inazunguka hadi pale ilipoanzia, halafu inashuka wima mpaka mstari wa chini. Kalamu hainyanyuliwi hata mara moja. Sasa yupo mtoto anayechora duara kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, ananyanyua penseli, kisha anabandika kijiti pembeni. Daftarini unaona a nzuri kabisa. Unampa vema. Akifika darasa la tatu na kutakiwa kuandika haraka, duara na kijiti vinaachana. "Baba" inasomeka "boibol". Na kwa kuwa c, d, g, o na q zinaanzia mahali palepale na kuzunguka vilevile, aliyeikosea a ameikosea familia nzima. Kwa Kiswahili, ambacho a imejaa karibu kila neno, ukurasa wote unakwenda.

Walimu, makarani, wafamasia, nyie mnaosoma miandiko ya watu kutwa nzima: chanzo ni nini?

#2 Kona_ya_Tatu

Mkuu umeanza na a, basi kesho uje na e. 😀

Kwangu jibu ni moja: kusiliba. Tangu mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba hapa Tanzania unasahihishwa kwa mashine, mtoto anatia kivuli kwenye jibu kwa penseli ya HB. Shule inafundisha kinachotahiniwa. Kama somo zima linamalizika kwa vivuli, mwalimu wa darasa la sita atapoteza kipindi kufundisha mwandiko kwa sababu gani?

#3 Mwalimu_wa_Bondeni

Habari za huko. Niko Kenya, na ndugu #2 anisamehe, hoja yake haisimami hapa kwetu. KCPE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa ya kuchagua jibu kwa penseli tangu ilipoanza mwaka 1985 hadi ule wa mwisho wa 2023. Miaka yote hiyo mwandiko haukufa, kwa sababu pembeni palikuwa na Insha ya Kiswahili na ile ya Kiingereza, dakika 40 kila moja, kwa kalamu ya wino. Msahihishaji alikuwa binadamu, na binadamu akichoka kusoma, alama zinashuka. Wanafunzi walilijua hilo, kwa hiyo kuanzia darasa la nne hati nadhifu ilikuwa sehemu ya maandalizi.

Kwa hiyo kivuli peke yake hakiui mwandiko. Kinachoua ni kivuli kisichokuwa na insha kando yake.

#4 Kona_ya_Tatu

#3 hapo umenishika pabaya. Ila umenisaidia pia, maana kwetu insha ndiyo iliyokosekana.

#5 Mama_Imla

Naomba kurekebisha kidogo. Mtihani wa taifa wa darasa la nne bado una imla kwenye Kiswahili. Msimamizi anasoma sentensi, mtoto anaandika kwa mkono. Na karatasi ya darasa la saba ya miaka ya karibuni haina vivuli vitupu, kuna maswali machache ya mwisho ya kujibu kwa maandishi. Tusiseme mtoto wa Tanzania haandiki kabisa.

Tatizo la imla ni kwamba inapima tahajia. Mtoto akiandika "ng'ombe" na king'ong'o chake mahali pake, anapata alama yake hata kama n inafanana na u. Mwandiko unapimwa pale tu unapomshinda msahihishaji kusoma.

#6 Darasa_B

Nyote mnazungumzia mitihani ya miaka ya juu wakati mwandiko unafundishwa darasa la kwanza. Tuje huko.

Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango, na Januari 2016 watoto walifurika. Ni jambo jema, silipingi. Lakini piga hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Darasa lina watoto 100. Ukitumia kipindi chote kupita tu, bila kufundisha ubaoni, bila kunyamazisha mtu, kila mtoto anapata sekunde 18. Mleta mada anataka mwalimu aone a ilianzia wapi na ilizunguka upande gani. Kwa sekunde 18 unaweza kuona kama mtoto ana penseli.

Ongeza dawati. La watu watatu wakikaa watano, mkono unaoandika hauna pa kuweka kiwiko. Kiwiko kikining'inia, mtoto anaandika kwa bega badala ya vidole, na herufi zinakuwa kubwa, zinapanda na kushuka nje ya mistari. Wanaokaa sakafuni wanaandikia gotini, na daftari linacheza. Mwaka 2016 madawati yalitengenezwa kwa wingi, lakini ulizeni urefu wake. Dawati lililotengenezwa kwa kipimo cha mtoto wa darasa la sita, wa darasa la kwanza analipata kifuani. Anaandika mabega yakiwa yamepanda masikioni, na baada ya mistari mitatu mkono umechoka.

#7 Kidau_cha_Wino

Wanangu, kabla ya yote hayo kulikuwa na kalamu ya kuchovya. Dawati lilikuwa na tundu, ndani ya tundu kidau, na kwenye kalamu kuna nibu ya chuma iliyopasuliwa katikati. Ile nibu ilikuwa mwalimu wa pili. Ukiishika wima, inakwangua karatasi. Ukiilaza kupita kiasi, wino unadondoka. Inataka ilale kiasi cha nyuzi 45, na mkono uwe mwepesi. Ukishuka unaweza kukandamiza kidogo, mstari ukanenepa. Ukipanda ukakandamiza, meno ya nibu yanachoma karatasi na wino unaruka. Kwa hiyo mtoto alijifunza kwa lazima kwamba kupanda ni kwepesi na kushuka ni kuzito. Ndiyo maana hati za makarani wa zamani zina nene na nyembamba zilizopangika.

Ilipokuja bolpeni ya bei nafuu, yale yote yalikwisha. Ile inaandika hata ukiishika kwa ngumi. Ina kipira kidogo cha chuma mdomoni ambacho lazima kiviringike ndipo wino utoke, na ili kiviringike unakandamiza, juu na chini sawasawa. Mkono ukawa mzito, na mwandiko ukawa wa unene mmoja.

#8 Darasa_B

Shikamoo mzee #7. Nakubali maelezo ya nibu, ila mtoto wa darasa la kwanza haanzi na bolpeni wala nibu. Anaanza na penseli, na madhara tunayoyaona yanaanzia kwenye penseli.

Penseli inashikwa kwa vidole vitatu: dole gumba na cha shahada vinabana, cha kati kinabeba kwa chini. Mahali pa kushika ni juu kidogo ya pale rangi ya penseli inapoishia, sentimita mbili au tatu kutoka nchani. Shuleni penseli moja inakatwa vipande viwili ili watoto wawili wapate. Kipande kikichongwa kwa wembe mara kadhaa kinabaki urefu wa kidole. Hakiwezi kulala kwenye kona ya dole gumba na shahada, kwa hiyo mtoto anakizungushia dole gumba juu au anakishika kwa ngumi. Akizoea hivyo miezi sita, hata ukimpa penseli mpya ataishika vilevile.

Kipimo chepesi cha mkono mzito: geuza ukurasa, pitisha kidole nyuma. Ukizisikia herufi kwa kidole, mtoto anakandamiza. Dawa yake ni kuweka chini ya karatasi kitu laini, gazeti lililokunjwa mara kadhaa. Akikandamiza, penseli inatoboa. Anapunguza mwenyewe bila kusemwa. Na kama penseli ya 2B inapatikana, mpe hiyo, inaacha alama bila nguvu.

#9 Kidau_cha_Wino

Marahaba mwanangu. Hilo la gazeti ni zuri.

#10 Silabi_Kwanza

Naongeza sababu ambayo haijaguswa. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulioanza mwaka 2015 ulipanga herufi kwa sauti. Irabu zilitangulia: a, e, i, o, u. Kwa sikio ni sahihi kabisa, Kiswahili ni lugha ya silabi. Kwa mkono ni mpangilio mgumu. Mtoto ambaye jana alikuwa anachora fito na ndoano, leo anapewa a, herufi yenye mgeuko, na kesho yake e, ambayo haianzii kwenye mstari wowote. e inaanzia hewani, katikati ya mistari miwili, inakwenda kulia mlalo, ndipo inapanda na kuzunguka. Hakuna mahali pa kuegemea jicho.

Kama ungepanga kwa mkono, ungeanza na fito: l, i, t, halafu u ambayo ni fito mbili zilizounganishwa chini. Kisha familia ya duara: c, o, a, d, g, q. Kisha za upinde: r, n, m, h, b, p. Kisha za mshazari: v, w, k, z. Mwishoni zile zenye ukaidi: e, s, f. Hapo kila herufi inabebwa na iliyotangulia.

#11 Mama_Imla

#10, mpangilio wako ni mzuri kwa mkono ila utachelewesha kusoma. Irabu zikitangulia, ukileta m tu mtoto anapata ma, me, mi, mo, mu na siku hiyohiyo anasoma "mama", "mimi", "mama ami". Kwa mpangilio wako, l, i, t zinampa "li" na "ti" tu, atasoma nini?

Halafu usisahau michoro ya awali: fito za wima, za mlalo, mishazari, nusu duara za kulia na kushoto, mawimbi, ndoano. Hiyo ndiyo kazi yake, kuandaa mkono kabla ya herufi. Isiporukwa, mtoto anafika kwenye a akiwa ameshajua kurudi kushoto. Inarukwa kwa sababu mzazi akiona daftari limejaa ndoano anauliza mwanangu anafundishwa nini. Shule zinazogombea wanafunzi zinamridhisha mzazi, zinakimbilia kumwandikisha jina lake.

#12 Silabi_Kwanza

"Lia", "tua", "tulia", "ua". Irabu tatu na konsonanti mbili. Maneno yapo, mama.

#13 Kiungo_cha_Juu

Mada tamu. Mimi nataka tuingie kwenye herufi za kuunganisha, maana hapo ndipo mwandiko wa Kiswahili unapokufa kweli.

Herufi nyingi zinaishia chini, kwenye mstari wa msingi: a, e, i, u, m, n, k, h, l, t. Kiungo chake kinapanda mshazari kwenda herufi inayofuata. Mtoto anakizoea haraka. Lakini o, w, v, b na r zinaishia juu, usawa wa mstari wa kati. Kiungo chake kinakwenda mlalo, na herufi inayofuata lazima iingiliwe kwa juu. Sasa angalieni lugha yetu: wa, kwa, mwa, bwa, vya, wewe, wao, kuwa, mwalimu. w iko kila mahali. Mtoto ambaye hakufundishwa kiungo cha juu anakishusha chini, w inaota mguu wa tatu, inaonekana kama m iliyopinduliwa. Au anaikata nusu ili imalizike haraka, inabaki u. "Kuwa" inakuwa "kua".

Naamini sehemu kubwa ya "kua" tunazoziona leo zilianzia hapo, kwenye mkono, ndipo zikahamia kwenye tahajia.

Na jambo la pili. Vitenzi vyetu ni virefu. "Hawakutuandikia" ina herufi 15. Kwa mwandiko wa kuunganisha unaiandika yote bila kunyanyua kalamu, nukta za i unazirudia mwisho na kikato cha t vilevile. Kiganja kisiposogea pamoja na vidole, kufikia herufi ya nane mkono umejikunja na mstari unaanza kushuka. Sogeza mkono wote kila baada ya herufi tatu au nne, ukiteleza juu ya kidole kidogo.

#14 Mama_Imla

Hapo kwa "kua" sikubaliani. Ingekuwa ni kosa la mkono, watu wasingeandika "kua" kwenye simu, ambako hakuna kiungo. Ni sikio. w ikikaa kati ya u na a haisikiki vizuri. Ushahidi ni kosa lake la kinyume: walewale wanaandika "chukuwa", "juwa", "sumbuwa", wakitia w mahali isipotakiwa. Mkono mvivu haungeongeza herufi.

#15 Kiungo_cha_Juu

Mama, "chukuwa" ni ya mtu mzima aliyesahihishwa sana "kua" mpaka akaanza kutia w kila pahala. Inakuja baadaye. Haiondoi hoja yangu.

#16 Dirisha_la_Dawa

Habari wakuu. Kutoka upande wa dawa: mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali, GoTHOMIS, umepunguza cheti cha mkono katika vituo vingi vya serikali, lakini bado karatasi zinakuja. Makosa yanayotutisha si urembo wa hati. Ni haya:

Nukta na sifuri. Mtu akiandika 5.0 mg na nukta ikafifia, inasomwa 50. Andika 5 tu. Kinyume chake, .5 bila sifuri mbele inasomwa 5. Andika 0.5.

Alama ya maikrogramu ya Kigiriki ikiandikwa haraka inasomwa m, na kipimo kinapanda mara elfu moja. Andika mcg.

Majina yanayofanana. Lasix ni ya kutoa maji mwilini, Losec ni ya tumbo. Kwa mwandiko wa haraka a na o zinalingana, na x na c zikishapakwa mkia hazina tofauti. Mleta mada aliyetaja a isiyofungwa vizuri, huku kwetu a hiyo ina uzito.

Kwenye bahasha ya dawa andikeni 1 x 3 kwa tarakimu za kuchapa, na 1 iwe fito tupu. Ile 1 yenye kofia ndefu inasomwa 7.

#17 Kona_ya_Tatu

Kwa hiyo madaktari nao walikosa kipindi cha mwandiko darasa la kwanza. 😀

#18 Dirisha_la_Dawa

#17 wengi wana hati nzuri wakiandika polepole. Foleni ya wagonjwa themanini ndiyo inayoandika pale.

#19 Kaunta_Namba_4

Benki tunaliona hilo kwenye saini. Kijana anafungua akaunti akiwa chuo, anaweka saini aliyoibuni asubuhi ile. Baada ya miaka miwili haandiki tena popote, kila kitu ni namba ya siri. Anakuja na hati inayotaka saini ifanane na ya kwenye kadi, haifanani. Saini inayodumu inatokana na mwandiko uliozoeleka, mkono unaipita bila kufikiri. Iliyochorwa kama picha inachorwa upya kila mara.

Kinachoangaliwa ni mwelekeo wa kulala, mahali kalamu inaponyanyuliwa, uwiano wa herufi ndefu na fupi, na mwendo. Saini ya kughushi mara nyingi ina umbo zuri kuliko halisi, ila mstari wake unatetemeka na una nukta za wino mahali kalamu iliposita. Mahakamani pia Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu kusikilizwa mtu anayeufahamu mwandiko wa mhusika. Sasa jiulizeni, kwa kijana wa leo, nani aliyewahi kuuona mwandiko wake hadi aufahamu?

#20 Msomaji_wa_Tafiti

Wakuu, dunia nzima iko kwenye mjadala huu. Finland iliondoa ulazima wa mwandiko wa kuunganisha mwaka 2016. California ilikwenda upande mwingine: Oktoba 2023 ilisaini sheria ya kuurudisha kuanzia darasa la kwanza hadi la sita, ikaanza Januari 2024. Na mwaka huohuo wa 2024 watafiti wa Trondheim, Norway, Van der Weel na Van der Meer, walipima ubongo wa wanafunzi 36 wa chuo na kuona mawasiliano mapana zaidi baina ya sehemu za ubongo wanapoandika kwa mkono kuliko wanapobofya. Mwandiko unajenga kumbukumbu.

#21 Darasa_B

#20, asante, ila soma vizuri utafiti huo kabla hatujaubeba kwenye kikao cha wazazi. Washiriki walikuwa watu wazima, si watoto wanaojifunza herufi. Waliandika kwa kalamu ya kidijitali juu ya kioo. Upande wa kubofya walitumia kidole kimoja cha shahada, na hakuna karani anayechapa hivyo. Kilichopimwa ni mawimbi ya ubongo wakati wa kuandika. Hawakupimwa kama walikumbuka maneno baadaye.

Uko pia ule wa Mueller na Oppenheimer wa 2014 uliosema anayenukuu kwa mkono anaelewa zaidi kuliko wa kompyuta mpakato. Ulirudiwa mwaka 2019 na wengine na tofauti haikuwa ya uhakika kiasi kile. Mimi naupigania mwandiko kwa sababu mtoto asiye na umeme wala kifaa ana penseli. Hiyo inanitosha.

#22 Utete

Mbona hamgusi vyuo vya Kurani? Pwani yote watu waliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kabla ya shule hizi, na mwandiko ulifundishwa kwa ubao wa mti, kalamu ya utete na wino wa masizi uliochanganywa na gundi na maji. Utete unakatwa ncha kwa mshazari, kisha unapasuliwa kidogo katikati ili ushike wino. Pembe ya mkato ndiyo inayoamua wapi mstari unenepe. Anaandika mwalimu, mwanafunzi anapita juu yake mpaka auhifadhi, ndipo ubao unaoshwa.

Yaani mwalimu alikuwa anauona mkono. Mleta mada, hoja yako ina wazee.

#23 Kona_ya_Tatu

Sheikh #22, lakini hati ile iliwatesa wasomaji: alama tatu za irabu kwa irabu zetu tano, e na i zikavaa nguo moja, o na u vivyo hivyo.

#24 Utete

Kweli, na n ya mbele ya konsonanti mara nyingi haikuandikwa. Msomaji alitakiwa kuijua lugha kwanza. Wajuzi walikuja kuongeza alama baadaye. Ila hilo ni la tahajia, mie nazungumzia mkono.

#25 Brashi_Bapa

Wa mabango nipo. Plota ya kukata stika imekula kazi yetu kama simu ilivyokula yenu, lakini fundi wa brashi akifa na elimu inakwenda. Unapiga uzi wa chaki mara mbili, juu na chini, unagawa maneno kwa mkaa kabla ya rangi. Brashi bapa, rangi ya mafuta iliyolegezwa kwa tina kidogo. Ikizidi tina inatiririka, ikipungua brashi inaacha mifereji. Nafasi kati ya herufi hazipimwi kwa rula, zinapimwa kwa jicho: A na V zinasogezwa karibu, H na I zinaachiana. Watoto shuleni wanaambiwa kidole kimoja kati ya neno na neno, sawa, lakini kati ya herufi na herufi hakuna anayewaambia kitu. Ndiyo maana wanaandika "wana kuja" na "ni mekupa": jicho halijui wapi neno limeisha.

#26 Chaki_Nusu

#25 umegusa jambo kubwa, na linatoka ubaoni. Mtoto ananakili anachokiona. Zamani chuo cha ualimu kilimpima mwanachuo kuandika ubaoni: unasimama ubavu ili darasa lione mkono wako, unavunja chaki katikati ili isipige kelele, unaizungusha kila baada ya maneno machache ili isichongoke upande mmoja. Kwa darasa lenye kina cha mita nane, herufi ndogo iwe na kimo cha sentimita nne hivi. Ubao unachorewa mistari ileile minne ya daftarini. Mwalimu anayeandika huku kaupa ubao mgongo, darasa linaona herufi iliyokwisha zaliwa.

Na ubao wenyewe uwe mweusi. Uliochakaa unang'aa, chaki haishiki. Walimu wa vijijini wanasaga mkaa na makaa ya betri kavu zilizokwisha, wanachanganya na majani mabichi yaliyotwangwa, wanapaka. Ukikauka unashika chaki kwa muda. Unga wa betri msiwape watoto wausage kwa mikono, si kitu salama.

#27 Mzazi_wa_Mashoto

Samahani kuingilia. Mtoto wa darasa la pili anaandika kwa kushoto, anakunja mkono kama ndoano juu ya mstari na kufuta alichoandika. Alazimishwe kulia?

#28 Darasa_B

Hapana, usimlazimishe. Fanya hivi. Karatasi isogee kushoto kwa katikati ya kifua chake, na kona ya juu kushoto ndiyo iwe juu zaidi, yaani karatasi inalalia kulia. Wa mkono wa kulia ni kinyume chake. Karatasi ikikaa hivyo, mkono unaweza kubaki chini ya mstari, hana haja ya kuukunja. Ashike penseli juu zaidi kuliko wenzake, sentimita tatu hadi nne kutoka nchani, aone anachoandika. Dawatini akae mwisho wa kushoto, viwiko visigongane na jirani. Kikato cha t akikikata kutoka kulia kwenda kushoto mwache, kwake ndiko kuvuta, kulia ni kusukuma. Duara la a na o lakini lizunguke kama la wote.

Akihamia kalamu, mpe ya wino unaokauka upesi.

#29 Mzazi_wa_Mashoto

Nashukuru mwalimu. Na daftari la mistari minne silipati madukani kwetu.

#30 Silabi_Kwanza

Chora mwenyewe. Chukua karatasi ya A4. Kwa darasa la kwanza nafasi kati ya mstari na mstari milimita 8, kwa hiyo safu moja ya mistari minne ina milimita 24. Acha milimita 8 kabla ya safu inayofuata. Zinaingia safu nane, na nafasi ya pambizo juu na chini inabaki. Mistari miwili ya kati ikoze kwa wino mweusi, ya nje iwe hafifu. Darasa la pili shuka hadi milimita 6, la tatu 5, kisha aende daftari la kawaida. Usitoe nakala nyingi. Chora moja iliyokolea, iweke chini ya karatasi nyeupe nyembamba, mistari inaonekana kwa juu, anaandikia hapo. Ukiiondoa unabaki na mwandiko tupu, unaona kama herufi zinakaa sawa bila kushikiliwa.

#31 Kiungo_cha_Juu

Narudi kwa Mama_Imla kuhusu "kua", maana hatujamaliza. Tunaweza kupima. Msomee mtoto maneno kumi: kuwa, chukua, kukuwa, jua, juu ya, tuwe, tue, buibui, uwanja, pauka. Kila neno kwanza ataje herufi zake kwa mdomo, ndipo aandike. Akitaja k-u-a na kuandika "kua", ni sikio, umeshinda. Akitaja k-u-w-a na karatasi ikawa na "kua", ni mkono.

#32 Mama_Imla

Kipimo nakikubali, ila toa "kukuwa", hilo neno si sanifu na utampotosha mtoto. Weka "kukua". Na asome mtu wa tatu, si wewe wala mimi, maana ukiwa unataka w isikike utaivuta bila kujijua. Wapimwe wanaoandika kwa kuunganisha na wanaoandika herufi za kuchapa, makundi mawili. Kama "kua" ziko sawa pande zote, kiungo chako hakina kosa.

#33 Kiungo_cha_Juu

Sawa mama, "kukua". Tatizo ni kuwapata wa kuunganisha. Darasa la tano, shule tatu, nimewaona wanne.